Darubini ya Bunduki: Kwa Nini Kubwa Zaidi Si Lazima Iwe Bora Zaidi

Miaka michache iliyopita askari mmoja wa wanyamapori alifika katika maabara yetu ya fizikia akiwa na darubini ya bunduki aliyoizungushia kitambaa. Bunduki yenyewe alikuwa ameiacha kituoni. Alitaka tumwambie iwapo darubini hiyo ilikuwa mbovu.

Kisa chake kilikuwa hiki. Jioni moja aliitwa na wanakijiji ambao mihogo yao ilikuwa ikifukuliwa na nguruwe mwitu. Jua lilikuwa limekwisha kuzama alipomwona dume mmoja akitoka kichakani, umbali wa mita 80 hivi. Ili amwone vizuri, aliizungusha pete ya darubini hadi kwenye tarakimu kubwa kuliko zote, yaani 9. Badala ya kuona vizuri zaidi, aliona kivuli kikitikisika gizani. Alifyatua. Nguruwe alijeruhiwa akakimbilia vichakani, na kwa siku mbili akina mama hawakuthubutu kwenda kuokota kuni upande ule, kwani mnyama aliyejeruhiwa hana simile.

Tuliipima darubini ile. Haikuwa na kasoro yoyote. Kosa lilikuwa katika dhana ambayo wengi wetu tunayo, kwamba chombo kinachokuza zaidi ndicho kinachoonyesha zaidi. Katika makala haya tutaeleza jinsi darubini ya bunduki inavyofanya kazi, na mambo ambayo mtu mwenye kibali na wajibu wa kutumia bunduki angepaswa kuyaangalia kabla ya kuichagua. Walimu wa fizikia wataona kuwa karibu kila jambo tutakalolitaja limo katika masomo ya mwanga na mwendo yanayofundishwa shuleni.

Kazi ya kwanza si kukuza

Mtu anayelenga kwa bunduki isiyo na darubini hutakiwa kuona vitu vitatu kwa wakati mmoja: pengo la nyuma lililo karibu na jicho, ncha ya mbele iliyo mwishoni mwa mtutu, na shabaha iliyo mbali. Vitu hivyo vimo katika umbali tofauti, na lenzi ya jicho haiwezi kuvionyesha vyote kwa uwazi kwa mara moja. Kijana hubadili upesi mtazamo wake kutoka kimoja hadi kingine. Lakini mtu aliyepita miaka 40, ambaye lenzi ya jicho lake imeanza kuwa ngumu, hushindwa.

Darubini huondoa tatizo hilo. Lenzi mbinuko ya mbele hukusanya miale kutoka kwenye shabaha na kufanya taswira halisi ndani ya bomba. Mahali hapo hapo panapotokea taswira huwekwa alama ya msalaba. Hivyo shabaha na alama huwa katika bapa moja, na jicho huviona vyote viwili kwa pamoja bila taabu. Hata darubini isiyokuza kabisa ingekuwa na manufaa haya.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini Galileo, aliyejitengenezea darubini mwaka 1609, hakuweka alama ya namna hiyo ndani ya chombo chake. Sababu ni kwamba darubini yake ilikuwa na lenzi mbonyeo upande wa jicho, na mpangilio huo haufanyi taswira halisi ndani ya bomba. Mwaka 1611 Johannes Kepler alieleza darubini yenye lenzi mbinuko mbili. Hiyo hufanya taswira halisi, ingawa huigeuza juu chini. Yapata mwaka 1640 Mwingereza William Gascoigne aligundua kuwa uzi mwembamba ukiwekwa penye taswira hiyo huonekana waziwazi pamoja na nyota inayotazamwa. Ugunduzi huo wa wanafalaki ndio uliozaa alama ya kulengea. Katika darubini ya bunduki ya leo huongezwa lenzi za kati zinazoigeuza tena taswira, ili mnyama asionekane ametembea miguu juu.

Maana ya tarakimu zilizoandikwa

Darubini nyingi huwa na maandishi kama 4x32 au 3-9x40. Tarakimu iliyo kabla ya alama ya kuzidisha ni ukuzaji. Darubini ya 4 humfanya mnyama aliye mita 100 aonekane kama yuko mita 25. Penye tarakimu mbili, kama 3-9, ukuzaji unaweza kubadilishwa kwa kuzungusha pete. Tarakimu ya mwisho ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita.

Ukuzaji una gharama zake. Kwanza, uwanja wa kuona hupungua. Darubini ya 4 kwa kawaida huonyesha upana wa mita 9 au 10 hivi kwa umbali wa mita 100; ya 9 huonyesha mita 4 tu au zaidi kidogo. Mwenye kutafuta mnyama anayekimbia penye vichaka kwa darubini kama hiyo ni sawa na mtu anayechungulia kupitia tundu la ufunguo. Pili, mtikisiko wa mikono hukuzwa pamoja na shabaha. Tatu, na hili ndilo lililompata askari wetu, mwanga hupungua.

Duara la mwanga na mboni ya jicho

Elekeza darubini kwenye ukuta mweupe wenye mwanga, kisha uishike mbali na uso kiasi cha urefu wa mkono. Kwenye lenzi ya jicho utaona duara dogo linalong'aa. Mwanga wote uliokusanywa na lenzi ya mbele hutoka kupitia duara hilo. Kipenyo chake hupatikana kwa kugawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Kwa darubini ya 4x32 ni 32 ÷ 4, yaani milimita 8. Kwa ile ya askari, pete ikiwa kwenye 9, ni 40 ÷ 9, yaani milimita 4.4.

Sasa tuliangalie jicho. Katika jua kali mboni hujifinya hadi milimita 2 au 3. Katika giza mboni ya kijana huweza kupanuka hadi milimita 7 hivi. Ya mtu wa miaka 50 na zaidi mara nyingi haizidi 5. Mchana, basi, duara la milimita 4.4 ni kubwa kuliko mboni, wala hapana upungufu wowote utakaoonekana. Lakini machweo, mboni ya milimita 7 hupokea mwanga kupitia duara la 4.4 tu. Kwa kuwa mwanga unategemea eneo, na eneo linategemea mraba wa kipenyo, mng'ao wa taswira ni (4.4 ÷ 7) kwa mraba, yaani takriban asilimia 40 tu ya ule ambao jicho tupu lingeupata. Askari wetu, pasipo kujua, alikuwa amejizimia taa.

Je, angefaa kuirudisha pete hadi 3? La, si lazima. Kwenye 3 duara huwa milimita 13, na mwanga unaoangukia nje ya mboni hauna faida. Isitoshe, ukuzaji nao husaidia kutambua umbo la kitu gizani, mradi mwanga usipungue. Ukuzaji unaofaa kwa wakati huo ni ule unaolingana na mboni: 40 ÷ 7, yaani karibu 6. Mtu ambaye mboni yake hufika milimita 5 angeweza kutumia 8.

Hapa ndipo tunapoelewa kwa nini katika nchi za Ujerumani na Austria wawindaji wengi hupenda darubini nzito za 8x56, ambazo duara lake ni milimita 7 kamili. Huko mwindaji huketi juu ya jukwaa akimngojea nguruwe mwitu katika machweo marefu au mbalamwezi. Karibu na Ikweta mambo ni tofauti. Jua letu hushuka wima, na baada ya kuzama huwa kuna dakika 20 na ushei tu kabla ya giza kuingia. Chombo kilichofaa sana msituni Ulaya huenda kikawa mzigo wa bure Afrika Mashariki.

Mwanga unaopotea njiani

Kila mwanga unapopita kutoka hewani hadi kwenye kioo cha kawaida, au kutoka kwenye kioo hadi hewani, takriban asilimia 4 yake huakisiwa na kurudi nyuma. Kiasi hicho chaonekana kidogo. Lakini tuchukue darubini yenye nyuso 10 za namna hiyo. Mwanga unaofika kwenye jicho ni 0.96 ikizidishwa yenyewe mara 10, ambayo ni 0.66. Thuluthi nzima imepotea! Tena si kupotea tu: sehemu ya mwanga huo huzurura ndani ya bomba na kuitandaza taswira kama ukungu mwembamba.

Mwaka 1935, huko Jena, Ujerumani, mwanafizikia Alexander Smakula wa kampuni ya Carl Zeiss alibuni njia ya kupaka lenzi utando mwembamba sana wa madini. Mwanga unaoakisiwa juu ya utando na ule unaoakisiwa chini yake hupishana nusu wimbi, ukafutana. Utando mmoja hupunguza hasara hadi kama asilimia 1.5 kwa kila uso, na darubini yetu ya nyuso 10 hupitisha 0.86 ya mwanga. Tando nyingi zilizopangwa pamoja huweza kuishusha hasara hadi nusu ya asilimia moja, na mwanga unaopita huwa 0.95. Hapa ndipo fedha za mnunuzi zinapokwenda, na ndiyo sababu darubini mbili zenye tarakimu zile zile huweza kutofautiana bei mara kumi.

Kuhusu unene wa bomba, kuna imani kwamba bomba la milimita 30 huleta mwanga mwingi kuliko la milimita 25.4. Imani hiyo si sahihi. Mwanga huamuliwa na lenzi ya mbele, ukuzaji na ubora wa vioo. Bomba nene lina nguvu zaidi na nafasi kubwa zaidi ya kurekebisha alama, basi.

Kasoro ya jicho lililokwenda kando

Tulisema kuwa alama na taswira huwa katika bapa moja. Hii ni kweli kamili kwa umbali mmoja tu, ambao mara nyingi kiwandani hupangwa kuwa kama mita 100. Shabaha ikiwa karibu au mbali zaidi, taswira husogea kidogo nje ya bapa la alama. Na jicho likienda kando, alama huonekana kuhama juu ya shabaha. Kasoro hii huitwa paralaksi. Ni jambo lile lile linalomfanya abiria aliyeketi kando ya dereva asome mwendo usio sahihi kwenye saa ya gari.

Kwa lenzi ya milimita 40 iliyopangwa kwa mita 100, kosa kubwa kabisa linaloweza kutokea kwa shabaha iliyo mita 200 ni sentimita 2, na kwa mita 50 ni sentimita 1. Kwa nguruwe hilo si kitu. Lakini kwa mtu anayepiga panya ghalani kwa bunduki ya hewa kwa umbali wa mita 15, sentimita 1 au 2 ni kosa kubwa. Huyo anahitaji darubini iliyopangwa kwa umbali mfupi au yenye pete ya kurekebisha jambo hilo.

Risasi haifuati mstari wa jicho

Mwanga husafiri katika mstari ulionyooka. Risasi haisafiri hivyo. Tuseme risasi inatoka kwa mwendo wa mita 800 kwa sekunde, na kwa sasa tusahau ukinzani wa hewa. Itafika mita 100 kwa sekunde 0.125. Kwa kanuni ya nusu ya g mara mraba wa muda, itakuwa imeanguka sentimita 7.7. Ikifika mita 200 itakuwa imeanguka sentimita 31, na mita 300 sentimita 69. Umbali umeongezeka mara tatu, anguko limeongezeka mara tisa. Hewa nayo, kwa kuipunguzia risasi mwendo, huyafanya mambo yawe mabaya zaidi.

Kwa hiyo mtutu huinuliwa kidogo sana kuelekea mstari wa kuona, ili risasi na mstari huo vikutane katika umbali uliochaguliwa. Kwa darubini iliyo sentimita 4 juu ya mtutu, iliyorekebishwa kwa mita 100, risasi ya mfano wetu itapita nusu sentimita tu juu au chini ya alama kati ya mita 50 na 100. Lakini katika mita 200 itapita zaidi ya sentimita 11 chini. Kosa hilo latosha kugeuza kifo cha mara moja kuwa jeraha la siku nyingi. Darubini hulifanya la mbali lionekane karibu. Hailifanyi liwe karibu.

Marekebisho hufanywa kwa vifundo viwili vyenye kutoa mlio mdogo kila vinapozungushwa hatua moja. Katika darubini nyingi hatua moja ni robo ya dakika ya pembe. Dakika ni sehemu ya 60 ya digrii, na katika mita 100 ni sawa na sentimita 2.9, hivyo hatua moja huhamisha pigo kwa milimita 7 hivi. Darubini nzuri hutambulika hapa. Kaza bunduki juu ya mifuko ya mchanga katika uwanja wa shabaha, piga, kisha sogeza alama hatua 20 kulia, 20 juu, 20 kushoto na 20 chini, ukipiga kila kona. Pigo la mwisho lapasa kurudi pale pale lilipoanzia. Lisiporudi, hata kioo king'avu kama maji ya chemchemi hakina thamani.

Teke, mvuke na kuvu

Bunduki hupiga teke. Katika sehemu ndogo ya sekunde darubini husukumwa kwa nguvu nyingi mara uzito wake, na lenzi zisizoshikwa imara hulegea. Kwa sababu hiyo hiyo jicho lapasa kukaa mbali na kioo. Bunduki kubwa zahitaji nafasi ya sentimita 8 hadi 10, la sivyo ukingo wa darubini utaupasua unyusi wa mpigaji. Bunduki za hewa zenye springi zina hila yake: huruka nyuma kisha mbele, na huziharibu darubini zilizotengenezwa kuhimili teke la upande mmoja tu.

Adui mwingine ni unyevu. Hewa yenye mvuke ikifungiwa ndani ya bomba, usiku wa baridi huigeuza kuwa umande juu ya lenzi. Kwa hiyo watengenezaji bora huondoa hewa, wakajaza naitrojeni kavu na kuziba bomba kwa mpira. Katika mwambao wetu, penye joto na unyevu mwaka mzima, kuna hatari zaidi: kuvu huota juu ya vioo, na asidi zake huutafuna utando hadi kioo chenyewe. Darubini isifungiwe ndani ya mfuko wa ngozi kwa miezi. Iwekwe mahali pakavu penye hewa, na kioo kifutwe kwa kitambaa safi laini baada ya kupulizwa vumbi.

Kuchagua

Kutokana na hayo tunaweza kutoa ushauri mfupi. Kwa kuwahami watu na mashamba dhidi ya nguruwe au nyani, katika umbali usiozidi mita 150, darubini ya 4x32 au 6x42 isiyobadilika inatosha kabisa. Ina vioo vichache vya kupoteza mwanga na viungo vichache vya kuharibika. Anayetaka inayobadilika na achague ile inayoanzia chini, 2 au 3, na pete ikae huko anapotembea vichakani, ambako mnyama huweza kutokea hatua kumi mbele yake. Fedha zitumike kwanza kwa tando za vioo, uimara wa marekebisho na ukavu wa bomba. Ukuzaji uje mwisho. Hali kadhalika, vishikizo vya kuifunga darubini kwenye bunduki visinunuliwe kwa bei ya kutupa, maana darubini haiwezi kuwa imara kuliko kilichoishika.

Ni dhahiri kwamba bunduki ni jambo la sheria kabla ya kuwa jambo la fizikia. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa michezo tangu mwaka 1977; Tanzania huuruhusu kwa leseni chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Mkulima anayesumbuliwa na wanyama awaite wenye dhamana. Tena darubini iliyo juu ya bunduki isitumiwe kamwe kumtazamia mtu ili kumtambua ni nani. Kufanya hivyo ni kumwelekezea mtutu.

Jaribio la darasani

Mwalimu hahitaji bunduki kufundisha haya. Achukue lenzi mbinuko mbili, moja ya urefu wa fokasi wa sentimita 40 na nyingine ya sentimita 10, azipange juu ya rula ya mita zikiwa zimeachana sentimita 50. Mti ulio mbali utaonekana umekuzwa mara 4, juu chini. Kisha abandike nywele mbili zilizopishana kwenye fremu ya karatasi, sentimita 40 nyuma ya lenzi ya mbele. Nywele zitaonekana juu ya mti. Mwanafunzi aisogeze fremu sentimita moja mbele au nyuma huku akiyumbisha kichwa, naye ataiona paralaksi kwa macho yake mwenyewe. Mwisho apime kwa rula duara la mwanga, alinganishe na hesabu. Lenzi zisielekezwe kwenye jua hata kidogo.

Askari wetu alifanya jaribio hilo hilo mezani petu. Alipopima duara la milimita 4.4 alinyamaza kwa muda, kisha akachukua kalamu ya rangi nyeupe na kuchora nukta ndogo kwenye pete ya darubini, kandokando ya tarakimu 6. Alisema kuwa jioni huenda asiweze kuisoma tarakimu, lakini nukta ataiona.